Mashine ya Mzee Taratibu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeanza asubuhi hii, na bati la karakana linavuja palepale Bosi alipotaka nifunge paneli ya umeme. Nimemwambia nitaifunga upande wa pili, karibu na dirisha. "Wewe ndiye fundi," amesema, kwa sauti yake ya chini inayokulazimisha usogee ili umsikie. Watu wanasema hajawahi kumfokea mtu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mashine kubwa ya kuchonga chuma, imara kama nyumba, lakini ubongo wake umekufa. Kadi zake ziliungua na hazitengenezwi tena. Tangu hapo inaendeshwa kwa mkono, kwa kuzungusha magurudumu. Mimi nimeletwa niichagulie kidhibiti kipya, yaani ubongo mwingine, nikifunge nyaya, nikiwashe. Nikifanikiwa kabla ya mvua kwisha, nitakuwa fundi mkuu hapa. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kuitwa mkuu wa chochote.

Anayeizungusha ni mzee wanayemwita Taratibu, maana hilo ndilo neno lake la kutwa. Amenipokea kwa kunifutia kiti kwa kitambaa kichafu kuliko kiti chenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Bosi ameniita ofisini.

"Mashine ikishaamka itahitaji mtu mmoja," alisema. "Mtu huyo ni wewe."

"Na mzee?"

"Mzee atapumzika."

"Anajua?"

"Usimwambie bado. Tunamhitaji kwanza. Anaijua ile mashine kama anavyomjua mkewe."

Nikasema sawa. Nilipotoka, mzee alikuwa amenimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, kwa sababu vikombe vya wageni vimevunjika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezunguka mji mzima kuulizia vidhibiti. Kuna kadi rahisi ambayo kazi yake inategemea kompyuta: kompyuta ikikohoa kidogo, mashine nayo inaruka. Kuna ya kati, inapokea amri kwa waya wa mtandao na kuhesabu mwendo yenyewe, lakini inatoa mapigo ya umeme tu, na mota zetu za zamani hazielewi mapigo. Zinataka volti, za kwenda mbele na za kurudi nyuma. Nikiinunua hiyo itabidi nibadilishe na draiva zote, yaani vifaa vinavyozipa mota umeme wake. Kuna na ya tatu, inatoa volti, na inasoma enkoda, yaani kile kifaa kilicho nyuma ya mota kinachohesabu imezunguka kiasi gani. Inaagiza, halafu inasikiliza kama agizo limetimia.

Nilimweleza mzee tofauti hiyo wakati wa chakula. Nilimwambia ile ya kwanza inatuma amri na kuamini tu kwamba zimetekelezwa.

"Kama Bosi," akasema, akaendelea kutafuna.

Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Nimechagua ya tatu. Bosi amesaini bila kuuliza, na hilo limenitia hofu kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Nimeng'oa nyaya za zamani siku nzima. Vumbi jeusi mpaka puani.

Jumapili, 16 Machi

Mzee amenialika kwake. Nyumba ya vyumba viwili, sakafu imesuguliwa mpaka inang'aa. Mkewe ni mwanamke mnene mwenye maneno mengi, amenishika mikono yote miwili mlangoni na kusema, "Kumbe ndiye wewe! Kila siku ni binti, binti. Nilianza kuwa na wivu."

Mzee amezaa watoto wa kiume tu, na wote wako mbali. Anasema mimi ndiye wa kike aliyekuwa amechelewa njiani. Wakati wa kula aliniwekea kipande kikubwa cha nyama bila kuniangalia, kama baba anavyofanya.

"Ukishaiamsha," akaniambia, "utanifundisha hivyo vitufe. Mimi si mjinga wa kutojifunza. Taratibu tu."

"Atakufundisha nini na macho yenyewe huoni," mkewe akadakia.

"Nitanunua miwani."

Nikasema nitamfundisha. Nilisema hivyo mdomo umejaa chakula chao.

Alhamisi, 20 Machi

Dada ameniuliza swali nikiwa navua viatu. Tunakaa pamoja tangu aachike. Anashona nguo sebuleni na anasikia kila kitu, hata kilichomo kwenye pumzi yangu.

"Umemwambia yule mzee?"

"Bado namhitaji."

"Hivyo ndivyo alivyosema bosi wako."

"Ndiyo, kwa sababu ni kweli."

Akakanyaga cherehani yake, nayo ikanijibu kwa niaba yake.

Jumatatu, 24 Machi

Nyaya za ishara nimezipitisha peke yake, mbali na nyaya za nguvu, maana mota kubwa ya kuzungusha kisu ina kelele za umeme na huwatia wenzake wazimu. Kila waya wa enkoda umevikwa wavu wa shaba, na wavu huo nimeufunga kwenye athi, ule waya unaoingia ardhini, upande mmoja tu. Mzee alinishikia tochi. Kila nikikosea kidogo ananiachia nimalize, kisha anauliza kwa upole kama ndivyo nilivyotaka.

Ilikuwa inanifurahisha tabia hiyo. Leo ilinichosha.

Jumatano, 26 Machi

Mzee amenionyesha plei, yaani ulegevu, ya meza ya mashine inayobeba chuma. Ile parafujo ndefu inayosukuma meza imelika katikati, kwa hiyo ukigeuza gurudumu linazunguka kidogo bure kabla meza haijaanza kusogea. Nimepima, nikaandika, ili kidhibiti kifidie. Amenionyesha pia mahali meza inapokwama kwenye baridi, upande upi ulainishwe zaidi, na kona gani isiguswe kabisa. Amenipa vyote, hakubakiza.

Bosi alisimama mlangoni akitutazama. Aliponikuta peke yangu akauliza, "Amemaliza kukupa?"

"Karibu."

"Vizuri."

Ijumaa, 28 Machi

Mzee amenunua miwani. Fremu ni ya kike, ina maua pembeni. Karakana nzima imemcheka, naye akacheka nao.

Jumatatu, 31 Machi

Bosi anasema wateja wakubwa watakuja Ijumaa kuiona mashine ikitembea. Nimemwambia ni mapema. "Naelewa," akasema. "Ijumaa saa nne."

Jumatano, 2 Aprili

Niandike sasa, kabla sijaanza kuipanga upya kichwani.

Tangu asubuhi mvua ilikuwa ikipiga bati hata ukizungumza husikiki. Nilikuwa nimefunga mnyororo wa dharura kama inavyotakiwa: kitufe chekundu, swichi za mwisho wa meza, zote kwa waya mmoja unaopita kila mahali, ukikatika popote draiva zinanyimwa umeme. Lakini swichi moja ya mwisho wa meza ilikuwa imeingia maji. Kila nikiwasha, mnyororo unakatika. Nikaifungua, nikaikausha, nikaifunga. Ikakata tena. Nikaikausha tena. Mchana Bosi akapita, akatazama saa yake, akaenda zake.

Basi nikachukua kipande kifupi cha waya wa bluu, nikaunganisha mwanzo na mwisho wa mnyororo pale kwenye paneli. Yaani niliuruka mnyororo mzima, na kitufe chekundu pamoja nao. Nilijiambia ni kwa jaribio moja tu, nione mota ikigeuka, kisha nitautoa.

Mzee alikuwa nyuma yangu. "Huo wa bluu ni wa nini?"

"Wa muda, mzee."

Hakuuliza zaidi. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri kwa sababu ni yangu: "Weka mkono pale mwisho wa parafujo, uniambie kama inatetemeka."

Akavaa miwani yake ya maua, akapeleka mkono.

Nikawasha. Nikaagiza meza isogee kidogo mno, unene wa ukucha. Badala ya kusogea kidogo ikaondoka. Nilikuwa nimebadilisha nyaya mbili za enkoda, iliyopaswa kuwa juu nikaiweka chini, kwa hiyo kidhibiti kilisikia kinyume. Kilidhani meza inarudi nyuma, kikaongeza nguvu. Meza ikaongeza mwendo, nacho kikazidi kuongeza. Nilipiga kitufe chekundu. Nikakipiga tena kwa kiganja, kwa ngumi. Ndipo nikakumbuka. Swichi kuu iko ukutani, upande wa pili wa karakana. Nilikimbia, nikateleza kwenye maji ya mvua, nikainuka, nikaivuta.

Mvua ilikuwa inapiga kelele kiasi kwamba sikumsikia mzee akilia. Nilimwona tu mdomo ukiwa wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa kati ya meza na mwili wa mashine.

Tuliirudisha meza kwa gurudumu. Ilibidi tuizungushe kwa mkono, taratibu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tuzungushie upande gani.

Wakati wenzangu wakimbeba kwenda kwenye gari, nilirudi kwenye paneli nikautoa waya wa bluu, nikautia mfukoni. Nilifanya hivyo kabla ya kuuliza kama bado anapumua.

Alhamisi, 3 Aprili

Wamekata vidole vitatu. Nilikwenda hospitali asubuhi. Alikuwa amelazwa karibu na mlango, mkono umefungwa, mkubwa kama mtoto mchanga. Mkewe alikuwa ametoka kutafuta maji. Mzee akaniita kwa kichwa, nikainama.

"Ule waya umeutoa?"

"Nimeutoa."

"Basi kimya. Mimi niliegemea. Mashine ilikuwa imewaka, nikaegemea kwa uzembe wangu. Umesikia?"

"Mzee..."

"Wewe bado una safari. Mimi nimebakiza nini? Miaka michache. Na kitufe naweza kubonyeza hata kwa mkono wa kushoto."

Nililia. Akanibembeleza yeye mgonjwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Bosi amekwenda kumwona, amempelekea matunda. Mzee amemweleza vilevile, kwamba aliegemea. Mbele ya nesi na mbele ya mkewe.

Jumanne, 8 Aprili

Bosi ameniita ofisini, amefunga mlango.

"Mzee amesema mwenyewe alikuwa mzembe," alisema. "Mtu akijiumiza kwa uzembe, karakana haidaiwi. Na hatuwezi kuendelea kumweka. Jambo lenyewe limejirahisisha."

"Hata kiinua mgongo?"

"Kwa mzembe?" Aliuliza kwa upole kweli, kama anayetaka kujua. Kisha akanitazama muda mrefu. "Au kuna kitu ambacho mimi sikijui?"

Nje mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo hapakuwa na kelele ya kujifichia. Nadhani anajua. Nadhani alijua tangu alipoona kitufe chekundu kimepasuka kwa ngumi zangu. Alikuwa ananipa nafasi nichague, na alikuwa na hakika nitachagua nini.

"Hakuna," nikasema.

"Vizuri, fundi mkuu."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimebadilisha swichi iliyoingia maji. Nimegeuza zile nyaya mbili. Meza inatembea kama inavyoambiwa.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda kumwona. Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Sikwenda. Nimeanza kumkasirikia, na nitaandika hivyo hivyo. Nani alimwomba awe shujaa? Angesema ukweli ningefukuzwa, ningelia wiki moja, ningetafuta kazi nyingine. Sasa amenibebesha wema kama gunia, na kila nikikaa nausikia mgongoni. Na ile tabia yake ya kuniuliza kama ndivyo nilivyotaka! Na kitambaa chake kichafu kiko bado kwenye msumari wake. Leo nimekitupa.

Jumanne, 22 Aprili

Mkewe amekuja karakanani.

Nilikuwa ofisini na Bosi, tukizungumza ratiba. Aliingia bila kubisha, amelowa, viatu vyake ameviacha mlangoni ili asichafue. Hakumwamkia Bosi. Alikuja kwangu moja kwa moja.

"Mwanangu," alisema, "amekataa kuniambia, lakini nimelala na yule mwanaume miaka yote hii. Akidanganya anakuna shingo. Hospitali alikuna shingo. Yeye hajaegemea mashine tangu amezaliwa, hata ukuta haegemei. Sitaki ufungwe, sitaki ufukuzwe. Nataka useme tu kwamba hakuwa mzembe. Neno hilo moja. Wampe chake, tule."

Bosi aliweka kalamu chini. Alikuwa anasubiri kwa adabu.

"Mama," nikasema, "mzee mwenyewe alisema aliegemea. Mimi niongeze nini?"

"Alisema kwa ajili yako!"

"Sijui unazungumzia nini."

Alinitazama. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Badala yake aliniangalia mikono, yote miwili, kidole kimoja kimoja.

"Vizima," akasema.

Akatoka. Mvua ilikuwa kubwa. Mwavuli wangu ulikuwa umeegeshwa palepale mlangoni, karibu na viatu vyake. Nilimwona akiuona, naye hakuugusa. Nami sikumpa.

"Pole," Bosi akaniambia. "Hawa watu wana uchungu. Tulikuwa tumefikia wapi?"

Jumatano, 23 Aprili

Dada amesikia. Mji mdogo, na wateja wake wana midomo. Amenisubiri na chakula mezani.

"Ulikula kwao," alisema.

"Dada, usianze."

"Siyo kwamba nakuhukumu. Nakukumbusha tu. Ulirudi siku ile ukasema nyama yao ilikuwa laini."

Akanitengea sahani yangu, yeye akaenda kula chake jikoni.

Jumatatu, 28 Aprili

Wateja wamekuja, wale ambao ziara yao iliahirishwa kwa sababu ya ajali. Mashine ilichonga duara ndani ya duara, chuma kikitoka kinang'aa. Walipiga makofi. Mmoja aliuliza nani aliyegundua jinsi ya kufidia parafujo iliyolika hivyo.

Bosi akanionyesha. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye haya.

Ijumaa, 2 Mei

Mshahara mpya. Nimenunua viatu.

Jumatano, 7 Mei

Kazi nyingi. Mvua kidogo.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekutana na mzee. Nilikuwa natoka dukani, yeye anaingia, na mlango ni mwembamba, hapakuwa na pa kukwepea. Amekonda. Mkono wa kulia ameuficha ndani ya koti. Alinyoosha wa kushoto, nikaushika vibaya.

"Binti! Inatembea?"

"Inatembea, mzee."

"Nilisikia. Nilisikia waliipigia makofi." Alitabasamu, meno yake yote bado yapo. "Usimchukie mama yako kwa kuja pale. Nilimkataza. Samahani kwa usumbufu."

Ananiomba samahani. Watu walikuwa wanapita wakitugonga na vikapu. Nilisema hakuna neno, mzee, na niliona nimeanza kurudi nyuma kidogo kidogo.

Akasogea, akapunguza sauti. Sijawahi kumwona na haya kabla ya leo.

"Sikiliza. Najua siwezi tena mashine. Lakini kufagia zile takataka za chuma, kuzibeba nje, hiyo hata mkono mmoja unatosha. Nyumbani hali... Wewe sasa ni mkuu pale. Ukimwambia Bosi neno moja, atakusikia. Si lazima leo. Taratibu."

"Nitamwambia," nikasema.

"Mungu akuzidishie."

Alinisindikiza kwa macho mpaka kona. Najua kwa sababu niligeuka.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefikiria usiku kucha jinsi ingekuwa. Kila asubuhi yuko pale na fagio. Kila nikiinua macho kutoka kwenye skrini, ule mkono. Kila saa, binti, binti.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia Bosi leo. Nilimwambia tunahitaji mafuta ya kulainishia.

Alhamisi, 15 Mei

Hakuna mvua tangu Jumapili. Barabara imekauka, vumbi limeanza.

Bosi alipita kwenye mashine saa ya kufunga. Takataka za chuma zimejaa chini mpaka viatu vinazama. Alizisukuma kwa ncha ya kiatu.

"Tunahitaji mtu wa kufagia hapa," alisema. "Mtu mtulivu, asiye na maneno. Unamjua yeyote?"

Mashine ilikuwa imezimwa. Palikuwa kimya kabisa.

"Hapana," nikasema. "Simjui mtu."